Mgongo Usiouma

Jumanne asubuhi, kabla king'ora cha zamu ya kwanza hakijalia, Twilumba Kaduma alikuwa tayari ameshajua. Alikuwa ameketi katika kile chumba kidogo cha vipimo kilichojengwa juu ya ghala, chai imepoa pembeni yake, akitazama mistari miwili kwenye kioo cha kompyuta. Mstari wa juu ulikuwa mwendo wa mbebaji mmoja, uliorekodiwa miezi kumi na minne nyuma. Ulipanda, ukashuka, ukayumba huku na huku kama njia ya mbuzi. Mstari wa chini ulikuwa mwendo wa mtu yuleyule, juzi Jumapili. Ulikuwa umenyooka kama reli.

Ule unyoofu ulikuwa umesifiwa sana pale ghalani. Twilumba mwenyewe aliwahi kuwaonyesha wageni kutoka makao makuu, akawaambia, "Tazameni, watu wetu sasa wanatembea kama wanajeshi." Wageni wakapiga makofi.

Chini, mlango mkubwa ulifunguliwa na upepo wa Makambako ukaingia pamoja na watu. Walikuja wamejikunyata ndani ya makoti, wakapanga mstari mbele ya kabati, kila mmoja akachukua gamba lake. Gamba lilikuwa fremu ya chuma chepesi iliyokaa mgongoni, ikafungwa kwa mikanda kifuani na mapajani, na penye nyonga kulikuwa na mota mbili ndogo zilizosaidia kunyanyua. Tangu Sheria ya Migongo ilipopitishwa, hakuna aliyeruhusiwa kubeba zaidi ya kilo ishirini na tano bila gamba, popote nchini. Mashine za kubeba zenyewe zilijaribiwa zamani zikashindwa na lumbesa, yale magunia ya viazi yaliyoshindiliwa mpaka yakaota kichwa. Lumbesa halina umbo. Mashine ililishika, ikalichana, viazi vikatapakaa. Binadamu ndani ya gamba akabaki kuwa mashine bora kuliko zote.

Gamba lilibeba theluthi mbili za mzigo. Theluthi iliyobaki ilishuka mgongoni kwa mtu, ikatua kiunoni, kwenye kile kisahani laini kinachokaa kati ya pingili na pingili, kipana kama biskuti. Kazi ya Twilumba ilikuwa kuhakikisha ile biskuti haibanwi kwa nguvu inayozidi nyutoni elfu tatu na mia nne. Kila gamba lilimtumia namba yake kila sekunde. Kwa miezi kumi na minne namba zote zilikuwa za kijani.

Namba hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kitulizi.

Kitulizi kilikuwa utepe mwembamba uliobandikwa juu ya uti wa mgongo, ukipitisha umeme kidogo sana unaonyamazisha maumivu. Mtu alibaki nao usiku na mchana, hata gamba likivuliwa. Twilumba ndiye aliyeupima, ndiye aliyetia sahihi utumike. Siku ya kwanza ulipowashwa, wanaume wazima walikaa juu ya magunia wakalia, kwa kuwa walikuwa wamesahau jinsi mwili usiouma unavyokuwa.

Lakini mtu anayeumia hujigeuza bila kujua. Huhamia mguu wa kushoto, akapinda kidogo, akaupumzisha upande mmoja wa mgongo na kuutumia mwingine. Asiyeumia hukanyaga palepale, kwa pembe ileile, mara elfu mbili kwa siku. Nguvu ilikuwa ndogo, ndani ya sheria, ila iligonga sehemu moja tu ya kisahani, kama ngazi inayolika pale pale watu wanapokanyaga. Na yule ambaye kisahani chake kilikuwa kinalika hakusikia lolote.

Wiki iliyopita aliwapeleka watu kumi na mmoja kupigwa picha za MRI, akawaambia ni uchunguzi wa kawaida. Picha zilikuwa zimemfikia asubuhi hiyo. Tisa kati yao, visahani vilikuwa vimetoka mahali pake na kusukuma mishipa ya fahamu. Wawili hali yao ilikuwa mbaya kuliko wote. Mmoja aliitwa Gaitani Msigwa. Wa pili alikuwa Obedi Kaduma, kaka yake Twilumba, tumbo moja.

Sheria haikumwachia nafasi ya kujiuliza. Mpimaji akigundua hatari, anaweka kidole gumba chake kwenye kioo na vitulizi vyote vya ghala vinazimwa kwa pamoja. Hakuna kumzimia mmoja na kumwacha mwingine. Kisha kila aliyekivaa analala chali siku ishirini na moja, chini ya uangalizi, asisimame wala asikae, mpaka mgongo wake upimwe. Pale ghalani walikuwa watu mia tatu na kumi na wawili.

Aliinua kidole gumba. Kisha akakishusha mezani, akampigia simu kaka yake apande juu.

* * *

Obedi alipanda ngazi mbili mbili, akiimba. Alikuwa na miaka arobaini na tisa.

"Mdogo wangu, umeniitia chai?" alisema, akakigusa kikombe. "Mbona imepoa hivi?"

Twilumba alimwonyesha picha. Hakuzunguka. Alimwonyesha kisahani kilivyotoka, alimwonyesha uzi mweupe wa mishipa ulivyobanwa. Obedi alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Kwa hiyo unazima."

"Nazima sasa hivi, kaka. Nilitaka usikie kwangu kwanza."

Obedi alivuta kiti akakaa taratibu. Wazazi wao walipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, Twilumba ana miaka saba. Alikwenda misituni kubeba mbao mbichi begani, bila gamba, kabla hata magamba hayajajulikana. Twilumba alikua akimwona kila asubuhi anavyoshuka kitandani: kwanza anajiviringisha, kisha anapiga magoti, kisha anashika ukuta na kuupanda kwa viganja, anauma meno. Viatu alifungiwa na mdogo wake. Ni mgongo ule uliompeleka Twilumba chuoni akasomee jinsi mwili unavyobeba.

"Jumamosi ni send-off ya Agape," Obedi alisema. Agape alikuwa binti yake, na hiyo ndiyo sherehe ya kumuaga kabla ya harusi.

"Najua, kaka."

"Unajua mara ya mwisho kumbeba yule mtoto alikuwa na umri gani? Miaka miwili. Baada ya hapo sikuweza tena. Shuleni kwenye michezo ya wazazi nilikaa kwenye kiti. Kipaimara, kwenye kiti. Nimekuwa baba wa kwenye kiti." Aliegemea mbele. "Jumamosi nataka niingie naye ukumbini nimemshika mkono, nimesimama wima, nicheze naye. Wimbo mmoja tu. Kisha zima. Nilaze hata mwaka mzima."

"Na wenzako je?"

"Wenzangu wamebeba hivi miezi kumi na minne. Ni siku nne, Twi."

"Kaka, usiniombe hivyo."

"Sijawahi kukuomba kitu," Obedi alisema, na ilikuwa kweli. Hakuwahi, hata kikombe cha maji. "Huu mwili nimeutumia wote. Nimebakiza siku nne za kuutumia kwa ajili yangu mwenyewe. Siku nne!"

Twilumba alitazama dirishani. Chini, watu walikuwa wanatwishana magunia, mmoja anainama, wawili wanainua, wanacheka. Wote walikuwa wanacheka siku hizo.

"Wewe hubebi kitu kuanzia sasa," alisema mwishowe. "Nitakuweka mlangoni unahesabu magunia. Ukiinua hata ndoo, nazima."

Obedi alimshika kichwa kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mtoto anaumwa homa. Kisha akashuka ngazi, mbili mbili.

* * *

Alijitahidi kuzigeuza siku zile nne ziwe salama. Jumatano alitoa agizo kwamba gunia lolote lisizidi kilo hamsini, akasema magamba yanafanyiwa marekebisho. Wale wanane waliobaki aliwaondoa kwenye kubeba, akawapeleka meza ya kuchambua viazi pamoja na akina mama. Hakuwaambia sababu. Aliogopa kwamba akimwambia mmoja, kabla ya saa ya chakula ghala zima lingejua, na hapo asingekuwa na njia ila kuzima.

Gaitani Msigwa alimfuata mlangoni pa chumba cha vipimo, kofia ya sufi mkononi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye miaka hamsini na mitatu, na ndiye aliyemfundisha Twilumba majina yote ya namna za kushika gunia alipokuja kazini mara ya kwanza na vyeti vyake.

"Kamwene, binti Kaduma."

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza. Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, baba."

"Maana nimewekwa mezani. Watu wananitania, wananiita bibi viazi." Alicheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. "Kama ni umri, sema. Ila mimi sijawahi kuwa mzima kama sasa. Wiki iliyopita nimejenga banda la kuku peke yangu. Lusia ananiambia nalala kama mtoto mchanga. Mgongo huu," akajipiga kiunoni kwa ngumi, puu, "hauna neno kabisa."

Twilumba alimshika mkono.

"Usipige hapo, baba."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Baadaye angerudi hapo kila siku: mlango uko wazi, mzee anangoja jibu, hakuna mtu mwingine anayesikia.

"Ni utaratibu tu," alisema. "Mpaka Jumamosi. Jumatatu tutazungumza."

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye unayejua," Gaitani akasema, akavaa kofia yake.

* * *

Alhamisi treni mbili ziliingia kwa pamoja. Maporomoko ya udongo yalikuwa yameziba njia siku mbili, na sasa mzigo wote ulimwagika Makambako saa nne asubuhi. Viazi vilikuwa vimeanza kunuka ndani ya mabehewa. Msimamizi wa jukwaa alipiga kengele na watu wakaanza kukimbia, na yale magunia yaliyopakiwa kabla ya agizo la Twilumba yalikuwa malumbesa matupu, hakuna hata moja la kilo hamsini.

Twilumba alikuwa kwenye simu na watu wa reli akiomba ushushaji usimamishwe, mara akaona taa namba kumi na saba imewaka kwenye kioo. Gamba la Gaitani. Mzee alikuwa ameacha meza. Aliwaona wenzake wamezidiwa, akaona mgongo wake hauna neno, akavaa.

Taa ilikuwa ya kijani. Nyutoni elfu mbili na mia tisa. Elfu tatu. Elfu mbili na mia nane. Ndani ya sheria, kila sekunde.

Aliitupa simu, akashuka ngazi akikimbia. Alipofika chini alimwona Gaitani katikati ya jukwaa, lumbesa begani, anatembea kwa ule mwendo mzuri ulionyooka. "Baba! Tua! Tua chini!" Kelele za mabehewa zilimeza sauti yake. Gaitani alipiga hatua nyingine, na nyingine, kisha akaketi chini.

Hakupiga kelele. Aliketi tu, kama mtu aliyeamua kupumzika, na gunia likaviringika likapasuka. Twilumba alipomfikia mzee alikuwa anaitazama miguu yake kwa mshangao, analigusa goti, analigusa paja.

"Binti Kaduma, mbona siisikii miguu?" Aliinua uso, na uso wake ulikuwa umejaa imani. "Nadhani kitulizi kimezidi. Kipunguze kidogo."

Twilumba alipiga magoti kwenye viazi. Akatoa kioo kidogo cha mkononi alichotembea nacho, kilichounganishwa na kompyuta ya juu, akaweka kidole gumba.

Kwa muda wa pumzi moja hakukuwa na kitu. Kisha ghala zima likaugua. Maumivu ya miezi kumi na minne yaliwafikia watu mia tatu kwa wakati mmoja. Wengine walikumbatia nguzo, wengine walilala palepale kifudifudi, magunia yakianguka kila upande. Kwenye mlango wa tatu, Obedi Kaduma, kalamu na daftari mkononi, alipiga magoti, akatafuta ukuta kwa viganja, akaukosa.

Gaitani peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Alingoja, akiitazama miguu.

"Bado," alisema. "Bado siisikii."

* * *

Send-off ya Agape ilifanyika Jumamosi kama ilivyopangwa, kwa sababu wageni walikuwa wameshafika kutoka Iringa na Songea. Kabla ya kwenda ukumbini, binti alipita hospitali akiwa amevaa gauni lake la rangi ya zambarau, na wauguzi wakamsindikiza mpaka wodini. Obedi alikuwa amelala chali, kichwa kimefungiwa mto pande zote mbili asigeuke. Agape ilibidi ainame juu yake ndipo baba yake amwone uso.

"Umependeza," Obedi alisema. "Rudi nyuma kidogo nikuone wote."

Agape alirudi nyuma, na akiwa amerudi nyuma baba yake hakuweza kumwona kabisa. Aliona dari. Alisema tena, "Umependeza sana, mama." Binti akaenda kutembea ukumbini ameshikwa mkono na mjomba.

Shangazi yake hakwenda. Twilumba alikuwa ameketi kwenye benchi la nje ya wodi tangu asubuhi. Ijumaa alikuwa ameandika taarifa kwa wakaguzi wa kazi, ndefu, yenye kila kitu: mistari miwili, picha za MRI, kitulizi alichokitilia sahihi yeye mwenyewe. Aliandika pia siku na saa aliyogundua, na siku na saa aliyozima. Wakaguzi walisema watamwita. Tayari maghala mengine manne yalikuwa yamezima vitulizi kwa sababu ya taarifa ile, na mtu mmoja kutoka makao makuu alimpigia simu kumshukuru. Alimkatia simu.

Daktari wa upasuaji alikuwa ameshamwambia kuhusu Gaitani. Mishipa ilipondeka. Miguu haitarudi.

Mchana aliingia. Kitanda cha Gaitani kilikuwa cha tatu kutoka cha Obedi. Lusia, mkewe, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Aliposikia salamu aliitikia bila kugeuka.

"Nimekuja kusema jambo," Twilumba alisema. Alikuwa amelipanga njiani, lakini sasa lilitoka lote kwa fujo, picha na visahani na ngazi inayolika, mpaka Gaitani akainua mkono taratibu.

"Ngoja, mwanangu. Niulize moja tu. Ulijua lini?"

"Jumanne."

"Jumanne hii?"

"Asubuhi."

Lusia alirudisha kijiko kwenye bakuli.

"Mimi nimeanguka Alhamisi," Gaitani alisema, polepole, kama mtu anayehakikisha hesabu.

"Ndiyo, baba."

"Ni mimi niliyemwomba," sauti ya Obedi ilitoka kitanda cha tatu, ikiongea na dari. "Gaitani, ni mimi. Nilitaka kucheza na mtoto kwenye send-off. Usimlaumu yeye."

Mgonjwa wa karibu na dirisha alizima redio yake.

Gaitani alifumba macho. Twilumba alidhani amelala, au amekataa kumtazama tena maishani. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa maji, na maji yalimshukia masikioni kwa sababu hakuweza kukaa.

"Ungeniambia," alisema. "Pale mlangoni nilipokuuliza. Mimi Obedi nimebeba naye miaka ishirini na mitano. Agape nimemjua yuko tumboni. Ungeniambia tu, binti Kaduma, ningekaa pale mezani siku nne, ningeitwa bibi viazi siku nne, na mtu yeyote asingejua kutoka kwangu. Ningeikaa hiyo meza kwa ajili ya Obedi."

Kitanda cha tatu, Obedi alikuwa analia kwa sauti, kilio cha mtu anayekatazwa kutikisa kifua.

Muuguzi alichungulia mlangoni, akaonyesha saa yake ya mkononi, akaenda zake. Lusia alisimama, akaweka bakuli juu ya kabati, akafuta mikono kwenye khanga. Alimtazama Twilumba kwa mara ya kwanza tangu alipoingia. Hapakuwa na msamaha katika macho yale, wala hapakuwa na matusi. Palikuwa na uchovu.

"Muda wa kumgeuza umefika," alisema. "Kila baada ya saa mbili, wamesema, asije akatoka vidonda. Mimi nashika mabega. Wewe njoo ushike miguu."

Twilumba alizunguka kitanda. Akafunua shuka, akaingiza mkono mmoja chini ya goti na mwingine chini ya kisigino. Tangu chuoni alijua kwamba mguu mmoja wa mtu ni karibu sehemu moja ya sita ya uzito wake wote; aliwahi kuiandika hiyo namba kwenye mitihani na kwenye ripoti. Alivuta pumzi, akainua. Mguu ulikuwa na joto. Ulikuwa mzito, mzito kuliko chochote alichowahi kukiandika, na hakuna sehemu yake hata moja iliyomsaidia.

"Taratibu," Lusia alisema. "Bado ule mwingine."